Landrova ya 1964: tanki likijaa geji inashuka, mafuta yakiisha inapanda. Wajuzi nisaidieni

#1 Mwana wa Soni

Wakuu, habari za jioni.

Nina Landrova 109, Series IIA ya 1964, ya petroli. Niliachiwa na mzee baada ya macho yake kugoma kuendesha usiku. Ni ile ya zamani yenye saa mbili tu katikati ya deshibodi: moja ya spidi, nyingine ampea (ya kuonyesha chaji ya betri) na geji ya mafuta zimekaa pamoja kwenye duara moja. Injini nzima. Bodi ni aluminiamu, kwa hiyo kutu ilikula chasi peke yake na tumeshaichomelea.

Mwaka jana mshale wa mafuta ulilala kwenye E ukakataa kunyanyuka hata ujaze tanki. Nikaipeleka gereji moja mjini (sitaitaja, fundi wake ni jirani yangu mpaka leo). Akainua kiti cha dereva, akafungua bati la chini yake, akachomoa kile kidude cha juu ya tanki chenye mkono na boya. Akasema kimekufa. Nikatafuta kipya, nikaagiza, kikaja kwenye boksi lake kimeandikwa Land Rover kabisa. Kikafungwa.

Tukajaza tanki mpaka petroli ikachungulia mdomoni. Mshale ukanyanyuka, ukaishia chini kidogo ya robo. Nikamwangalia fundi, fundi akaangalia pembeni. Akasema, "Itazoea."

Haijazoea. Tena inafanya vituko: nikitembea, mshale unapanda! Kadiri ninavyochoma mafuta ndivyo geji inavyoniambia ninayo mengi. Nikifika kama nusu tanki, mshale uko F na haubanduki hapo.

Ijumaa iliyopita nilitoka Mombo kupandisha Lushoto. Mshale F, wima kama askari wa gwaride. Kwenye kona moja kabla ya Soni gari likakohoa mara mbili, likazima. Mnaoijua ile barabara mnaelewa: jabali upande huu, korongo upande ule, na nyuma yangu Kosta imeshona abiria. Nikaruka kuweka jiwe kwenye tairi. Utingo wa Kosta akaja, akafungua mfuniko wa tanki, akanusa, akaniambia, "Bosi, humu imebaki harufu tu."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa na kijiti cha mwanzi nyuma ya kiti, kimekatwa alama kwa kisu. Nilipoichukua gari nikaisafisha, na kile kijiti nikakichoma pamoja na takataka nyingine.

Sasa jirani yangu fundi anataka akate deshibodi aweke geji ya Toyota. Roho inasita. Nifanyeje?

#2 Kiroba Cha Mkaa

Siti ya mbele kabisa. Gari inayotengeneza mafuta yenyewe halafu unalalamika? Mkuu tuuzie hiyo teknolojia.

#3 Fundi Koroboi

@Mwana wa Soni usikate deshibodi. Ikishakatwa hairudi. Kabla sijasema kitu nijibu haya manne:

Kwanza, betri yako athi (upande uliofungwa kwenye bodi ya gari) ni upi, chanya au hasi? Landrova za mwaka huo zilitoka kiwandani athi ikiwa chanya.

Pili, toa ile saa yenye geji, angalia nyuma. Temino (vichwa vya kufungia nyaya) za geji ya mafuta ziko ngapi na zina herufi gani?

Tatu, ukiwasha swichi, mshale unaruka mara moja au unapanda taratibu kama mzee anayeamka kitini?

Nne, azima mita ya umeme. Chomoa waya kwenye senda ya tanki, yaani kile kidude chenye boya (nadhani ni wa kijani wenye mstari mweusi), pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya temino ya senda na bodi yake. Pima tanki likiwa tupu, pima likiwa limejaa. Geji usiiguse kwanza.

#4 Mzee wa 404

Vijana mnanikumbusha mbali. Peugeot 404 yangu geji ilikufa nikiwa bado na nywele. Nilikuwa napima kwa kilomita: nikijaza naandika kwenye pakiti ya sigara, nikifika namba fulani nakwenda kituoni. Gari hiyo hiyo iliyochukua Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, mimi naiendesha kwa hesabu za pakiti ya sigara.

#5 Kiroba Cha Mkaa

Na ulipoacha sigara, mzee?

#6 Mzee wa 404

Nikaishiwa mafuta Chalinze.

#7 Mwana wa Soni

@Fundi Koroboi majibu haya hapa, nimechukua siku mbili.

Athi: ilikuwa chanya enzi za mzee, lakini nyaya ziligeuzwa zamani tulipoweka altaneta. Sasa ni hasi.

Temino: ziko mbili, moja B nyingine T. Hakuna kitu kingine.

Mshale: unaruka papo hapo. Na ukiwa kwenye barabara ya mashimo unatetemeka.

Omu: boya likiwa chini kabisa 243. Likiwa juu kabisa 22. Nilitoa senda nje nikainyanyua kwa mkono, namba zinashuka vizuri bila kuruka. Sasa kama senda ni nzima, geji ndiyo mbovu, sivyo?

#8 Fundi Koroboi

Hapana. Senda yako nzima na geji yako nzima. Wamefungishwa ndoa wasiojuana.

Nieleze taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapotupa vitu vizima.

Wale Waingereza walitumia geji za kampuni ya Smiths za aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo yako. Ndani yake kuna koili mbili za waya na kipande kidogo cha chuma kilichoshikana na mshale katikati. Koili moja inavuta mshale kwenda E, nyingine inauvuta kwenda F. Ni kama wavulana wawili wanaogombea kamba. Senda ya tanki imeungwa sambamba na koili ya F. Omu za senda zikiwa sifuri, umeme unapita njia ya mkato kwenye senda, koili ya F inabaki na njaa, mshale unavutwa E. Omu zikiongezeka, koili ya F inapata nguvu, mshale unakwenda F. Kwa hiyo senda ya mfumo huu ni kama sifuri tanki likiwa tupu na kama omu 70 au 80 likijaa.

Aina ya pili ilikuja baadaye. Kwenye Landrova ni kama 1967 hivi, walipobadilisha deshibodi, wakaweka athi hasi na geji ya joto pembeni ya ile ya mafuta. Hiyo haina koili za kugombana. Ina kijibati cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, kimezungushiwa waya. Umeme ukipita waya unapata joto, kijibati kinajikunja, kinasukuma mshale. Ndiyo maana unapanda polepole na hautetemeki kwenye mashimo. Umeme mwingi maana yake joto jingi, maana yake F. Kwa hiyo senda yake ni kinyume na ya kwako: omu nyingi tanki likiwa tupu, chache likijaa.

Sasa tazama namba zako, 243 na 22. Hiyo ni senda ya mfumo wa pili, umeifungia geji ya mfumo wa kwanza. Tanki likijaa senda inatoa 22, geji yako inaielewa 22 kuwa chini ya robo. Ukifika nusu tanki senda imeshapita omu 70, geji inasema F. Kuanzia hapo mpaka tone la mwisho ni F tu. Geji ilikuwa inasoma sawasawa kabisa, ila kwa lugha yake.

Aliyekuuzia hakukudanganya, ni ya Land Rover kweli. Hakukuuliza mwaka tu.

#9 Mwana wa Soni

Nimekaa kimya kama dakika tano hapa. Kwa hiyo ile 22 ndiyo ilikuwa "itazoea"!

#10 Wa Chuo Bado

Mkuu @Fundi Koroboi, lakini kasema waligeuza athi kutoka chanya kwenda hasi. Si ndiyo sababu geji inasoma kinyume?

#11 Fundi Koroboi

Swali zuri, na mafundi wengi wanalijibu vibaya. Kile kipande cha chuma ndani ya geji si sumaku, ni chuma kitupu. Koili inakivuta iwe umeme umeingia upande huu au ule, kama sumaku inavyookota msumari kwa ncha yoyote. Geji hii haijali athi iko wapi. Ampea ndiyo itasoma kinyume mpaka ubadilishane nyaya zake mbili.

Na kwa kuwa koili zote mbili zinakula betri ileile, betri ikipungua nguvu zinapungua pamoja, mshale haudanganyiki. Ndiyo maana mfumo wa kwanza hauna stebilaiza, kile kidude cha kutuliza volti zinazokwenda kwenye geji.

#12 Series III Dodoma

Hapo kwenye stebilaiza umenigusa. Mimi yangu ni Series III. Geji ya mafuta na ya joto zote mbili zinasoma juu. Nimebadilisha thamostati, nimesafisha rejeta, bado joto linaonyesha linataka kuingia kwenye nyekundu, na mafuta yanaonyesha nimejaza wakati najijua sina hela.

#13 Fundi Koroboi

Geji mbili kuugua siku moja ugonjwa mmoja ni nadra. Angalia kinachozilisha zote. Nyuma ya deshibodi kuna kikopo kidogo cha bati chenye temino B na I. Hiyo ndiyo stebilaiza. Inapokea volti 12 na ushee, inatoa wastani wa 10. Nasema wastani kwa sababu haitoi 10 kweli: ndani kuna kijibati kinachopata joto, kinakata umeme, kinapoa, kinaunga tena. Inakata na kuunga. Geji ni nzito kiasi kwamba haioni kukatika huko.

Ikishikana isikate tena, geji zote zinapata 12 mpaka 14, zote zinapanda. Hilo ndilo lako. Ikikatika isiunge, zote zinalala. Na ikikosa athi pale inapofungwa kwa skrubu, hushindwa kukata, unapata ugonjwa uleule, kwa hiyo kabla hujanunua kitu kwangua rangi na kutu pale skrubu inapokaa.

Usiipime kwa mita ya namba, itakuchanganya: mara 0, mara 12. Weka taa ndogo ya majaribio kwenye I. Ikiwaka na kuzimika, inafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, imeshikana.

Kama imekufa, mafundi redio wanauza kidude cha miguu mitatu kinachoitwa 7810. Bei yake chai na chapati. Mguu wa kwanza unaingiza, wa kati athi, wa tatu unatoa volti 10 kamili zisizoyumba. Unafungua kile kikopo cha zamani, unatoa matumbo, unakiweka ndani, kwa nje hakuna atakayejua. Ila hicho ni cha gari lenye athi hasi. Wa athi chanya anahitaji 7910, na miguu yake haijapangwa hivyo hivyo, asome karatasi yake kwanza.

#14 Series III Dodoma

Taa imewaka moja kwa moja. Nimekwangua skrubu, bado inawaka. Kesho nakwenda kwa fundi redio. Thamostati mpya nimpe nani?

#15 Kobe wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu Koroboi, mimi nina Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya 1965. Geji imekwama robo tangu nimeinunua. Nimezunguka na mita mchana kutwa sipati umeme wowote kwenye geji ile. Nshabadilisha fyuzi zote.

#16 Fundi Koroboi

Hahaha, pole sana shekhe. Hutapata umeme hapo mpaka kiama, haina. Geji ya Volkswagen hizo kuanzia modeli ya 1962 mpaka 1967 ni ya kebo, kama kebo ya breki ya baiskeli, inatoka kwenye boya la tanki pale mbele chini ya boneti mpaka nyuma ya deshibodi. Ya umeme ilikuja modeli ya 1968. Fungua kofia ya juu ya tanki uone kama kebo imekwama kwenye ala yake au mkono wa boya umekaza. Mara nyingi ni vumbi na grisi iliyokauka.

Za kabla ya hapo hazikuwa na geji kabisa. Kulikuwa na kikoki karibu na miguu ya dereva. Gari likikohoa unakigeuza kwa kidole cha mguu, unapata kama lita 5 za akiba, unatafuta kituo huku unasali. Shida ni ukisahau kukirudisha ukishajaza. Safari ijayo likikohoa, akiba umeshainywa.

#17 Kobe wa Kibokoni

Subhanallah. Mchana kutwa!

#18 Mbongo wa Ohio

Nichangie kidogo kutoka huku Marekani. Mzee ninayefanya naye kazi gereji ana Ford Model A ya 1930. Ile tanki iko mbele ya kioo, juu ya miguu yako, petroli inateremka yenyewe kwenda kabureta bila pampu. Geji yake ni boya la kizibo (ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa) linalozungusha kipipa kidogo chenye namba, unakiona moja kwa moja kwenye kioo cha deshibodi. Hakuna waya hata mmoja. Ugonjwa wake ni kizibo: kilipakwa shelaki (aina ya vanishi), na petroli ya huku imechanganywa na ethanoli, inayeyusha shelaki, kizibo kinakunywa mafuta kinazama. Sasa tunavipaka supagluu.

Kuhusu kuoanisha geji na senda, mwenye gari la Marekani naye ajihadhari. Za GM tangu katikati ya miaka ya 1960 ni omu 0 tupu, 90 imejaa. Ford za zamani ni kama 73 tupu, 10 imejaa, yaani kinyume. VDO za Wajerumani ni 10 tupu, 180 imejaa. Na zile seti za kununua za kufunga gari lolote nyingi ni 240 tupu, 33 imejaa. Ukinunua seti, nunua geji na senda yake pamoja.

#19 Mwana wa Soni

Wakuu nimekuja na habari. Nimekwenda kwa jirani yangu fundi kuuliza kama senda ya zamani aliitupa. Fundi hatupi kitu. Kanitolea kopo la Blue Band, ndani kuna platini, plagi, skrubu za kila kabila, na senda yetu.

Nimeitikisa sikioni. Boya linalia chwa chwa chwa.

#20 Fundi Koroboi

Basi kesi imekwisha hapo. Boya la shaba limetoboka, limekunywa petroli, limezama, mkono ukakaa chini daima, omu sifuri, mshale E. Ndiyo ugonjwa wako wa mwaka jana. Senda yenyewe huenda haikuwa na tatizo.

Ipime kwanza. Mkono chini inatakiwa karibu na sifuri, mkono juu 70 na kitu, na katikati namba zipande bila kukatika. Ndani ya kile kikopo chake kuna waya mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye kibao, na kijipande cha shaba kinatembea juu yake. Kukiwa na uchafu, safisha kwa brashi laini ya mswaki na spiriti. Usiguse kwa msasa, utakata waya, na waya ukikatika mahali pamoja basi kila mafuta yakifika usawa huo mshale utaruka F. Kama kijipande kinagusa kwa uvivu, kikunje kidogo sana kiegemee.

Boya sasa. Chemsha maji, zima jiko, beba maji nje ya nyumba, zamisha boya. Hewa ya ndani itapanuka, utaona mapovu yanatoka kwenye tundu. Weka alama ya penseli. Halafu umwage petroli yote iliyomo: lielekeze tundu chini likiwa lina joto, hewa itaisukuma yenyewe. Rudia mpaka likauke na lisinuke kabisa. Ukilitikisa lisilie.

Kisha toboa kijitundu cha pili kama ncha ya sindano upande wa juu. Wengi hawafanyi hivi, halafu wanashangaa. Ukiziba tundu pekee lililopo, joto la chuma cha kuchomelea linapanua hewa iliyomo ndani, hewa inatafuta pa kutokea, inalipulia nje risasi yako ya kuchomelea, unabaki na kitundu palepale. Ukiwa na matundu mawili, unaziba la kwanza hewa ikitokea la pili. Unaacha boya lipoe kabisa. Halafu la pili unaligusa mara moja kwa tone dogo, umemaliza. Tumia risasi kidogo. Boya likiwa zito litakaa chini ya usawa wake na geji itakunyima mafuta uliyonayo.

#21 Binti wa Gereji

Nasoma kimya tangu juzi lakini hapa lazima niseme, maana nimeona mtu akiungua mikono kwa jambo kama hili.

Chuma cha kuchomelea kiwe cha fundi redio, cha umeme. Si karabai, si mshumaa, si jiko la mkaa. Boya lililobaki na matone mawili ya petroli ni bomu dogo la shaba. Na hata likiwa limekauka lifanyie kazi nje, mbali na gari.

Ukifungua tanki, ng'oa waya wa betri kwanza. Tanki tupu linatisha kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Tundu la senda lifunike kwa kitambaa na ubao muda wote senda ikiwa nje. Simu ya tochi weka mfukoni, fanya kazi mchana. Na asije mtu akakushauri "ijaribu moja kwa moja na betri". Temino ya senda haipelekewi volti 12 za betri hata siku moja. Utachoma ule waya wa unywele, na cheche itarukia mahali ambapo hutaki cheche.

#22 Mwana wa Soni

Nimekusikia dada. Nimefanya kila kitu chini ya mwembe, mita kama ishirini kutoka kwenye gari, mke wangu amesimama na ndoo ya mchanga ananiangalia kama napika gongo.

Tundu lilikuwa kwenye ule mshono wa katikati ya boya, dogo, huwezi kuliona kwa macho. Mapovu yalitoka kama uzi. Mara ya kwanza nilijitia ujuzi, nikaziba bila kutoboa la pili. Ikatokea hivyohivyo alivyosema Koroboi, risasi ikapulizwa ikafanya kama kijipu. Nikakubali, nikatoboa. Sasa boya limelala kwenye ndoo ya maji tangu jana, halijanywa tone.

Omu: chini 1, juu 74.

Kabla ya kufunga nikaijaribu hewani: nikaunga waya wa geji kwenye senda, nikashika bodi ya senda kwa waya mwingine mpaka kwenye chasi, nikawasha swichi. Nikanyanyua boya kwa kidole. Mshale ukatoka E ukaenda F kama mtoto mtiifu. Nikateremsha, ukateremka. Nilifanya hivyo kama mara thelathini, sikuona haya.

Halafu nikasafisha juu ya tanki, nikapaka rangi ile nyekundu ya kuzuia kutu, nikaweka gasketi mpya ya kizibo na sili kidogo, nikafunga skrubu. Nikatia lita 10. Nikawasha.

F. Imepita F, imegonga ukuta!

Nataka kulia.

#23 Kiroba Cha Mkaa

Mkate deshibodi tu mkuu. Toyota haina stori.

#24 Fundi Koroboi

@Kiroba Cha Mkaa kaa chini.

@Mwana wa Soni, jibu umelitaja mwenyewe. Ulipoijaribu hewani ulishika bodi ya senda na waya wa athi. Ulipoifunga, waya huo uliutoa. Senda inapata athi yake kupitia skrubu kwenda kwenye tanki, tanki kwenda kwenye chasi. Wewe umepaka rangi, ukaweka kizibo, ukaweka sili. Umeifunga blanketi. Haina athi, kwa geji ni sawa na omu zisizo na mwisho, na kwenye mfumo wako omu nyingi ni F.

Hili mfumo wa kwanza una ubaya wake, liweke akilini: waya ukikatika au athi ikipotea, geji inakwambia umeshiba. Mfumo wa pili waya ukikatika unakwambia una njaa. Wa pili unakupeleka kituo cha mafuta bure, wa kwanza unakuacha Soni.

Dawa: kwangua rangi chini ya skrubu moja ya senda, weka waya mweusi wenye kishikizo cha duara, upeleke kwenye chasi mahali palipokwanguliwa mpaka chuma king'ae. Usitegemee tanki.

#25 Mwana wa Soni

MREJESHO

Waya mmoja. Urefu wa mkono. Nimewasha, mshale ukashuka kutoka ukutani ukatulia juu kidogo ya E, ambapo ndipo lita 10 zinapotakiwa kuwa.

Nikaona nisiishie hapo. Tanki langu ni galoni 10 za Kiingereza, lita 45 na kitu. Nikachukua kidumu cha lita 5, nikaanza upya kutoka tupu, gari likiwa sehemu tambarare, kila kidumu kimoja nasoma geji. Lita 5, mshale haujanyanyuka, boya bado limekaa sakafuni. Lita 10, umejinyanyua kama upana wa mshale wenyewe. Kati ya 10 na 15 unapita robo. Nusu uko kwenye lita 23 hivi. Lita 40 umegusa F, zile za juu yake hauoni tofauti. Kwa hiyo E yake bado ina kama lita 5 na ushee, ingawa kwenye mlima sitaziamini hizo.

Na huku nikimimina nilikuwa na mwanzi mpya. Kila kidumu nautumbukiza mdomoni mwa tanki, nakata alama kwa kisu. Alama tisa. Jioni nimempelekea mzee. Kaupapasa kwa kidole gumba, kaniuliza alama ya tatu mbona iko chini. Nikamwambia nimepima kwa kidumu. Akasema vidumu vya siku hizi havijai.

Nimekwenda kupima kile kidumu kwenye mzani wa duka la nafaka, kwa maji. Kilo 4.8 bila uzito wa kidumu.

#26 Mzee wa 404

Mheshimu baba yako.

#27 Series III Dodoma

Na mimi mrejesho: 7810 imekaa kwenye kikopo chake. Joto liko katikati pazuri. Mafuta yamesoma E. Afadhali nijue.

#28 Mwana wa Soni

Swali la mwisho @Fundi Koroboi na nakuacha upumzike. Nikikata kona mshale unacheza, kwenye kona za Soni unatoka nusu unakwenda karibu robo tatu halafu unarudi. Ni kawaida?

#29 Fundi Koroboi

Kawaida. Mafuta yanamwagikia upande mmoja wa tanki, boya linapanda nayo, na geji za koili hazina subira, zinasema kila zinachokiona papo hapo. Isome ukiwa umesimama pahali tambarare. Ukiwa kwenye mteremko wa Soni usiiulize chochote.

Ile senda mpya ya 243 irudishe kwenye boksi lake. @Series III Dodoma anaweza kuihitaji.

#30 Series III Dodoma

Nipo PM.